Jogoo Wangu wa Kishingo

Mwaka jana, likizo ya Juni, mama alinipa shilingi 20,000 nikanunue jogoo katika soko la Gungu. Alitaka mwekundu, mnene. Mimi nikarudi na kishingo: shingo tupu kama ya tai, na kishungi kimoja tu cha manyoya kwa mbele. Majirani walicheka. Mama hakucheka, maana zile zilikuwa fedha za mayai yake. "Umeninunulia mgonjwa," akasema, na usiku ule hatukuzungumza tena.

Nilimweleza kwamba huo si ugonjwa bali ni urithi, na ya kuwa kuku wa namna hii hustahimili joto kwa uchache wa manyoya yake. Na Kigoma kuna joto, jamani! Lakini hoja za darasani hazina nguvu jikoni.

Niliporudi shuleni, mwalimu wa Biolojia alinifahamisha kwamba kile kishungi ni dalili ya kurithi kwa mzazi mmoja tu. Basi nitazamie karibu nusu ya vifaranga kuwa vishingo.

Hata Desemba nikakuta vifaranga 10, na 6 kati yao shingo tupu. Mama alikuwa amewashika mmoja mmoja, akiwadondoshea chanjo ya kideri jichoni.

"Hawa watabaki," akasema. "Lakini wewe, mwanangu, sokoni hutumwi tena."