HATA UVIMBE UNA JINA LAKE

 

Leo nataka tuzungumze juu ya kongosho. Ni kiungo kidogo kilicho nyuma ya tumbo, kinachosaidia kusaga chakula na kuongoza sukari mwilini. Daktari akisema kuna uvimbe hapo, wengi wetu husikia habari za matanga. Mchango husimama. Mtu anasema, "Hiyo haina dawa, ng'ombe wasiuzwe bure."

Ndani ya ushirika wetu kuna familia iliyo katika mazungumzo hayo sasa hivi. Mgonjwa ni dada ambaye hajafika miaka 30, mchuma chai, na amenikubalia niseme bila kutaja jina. Ameonekana kwenye skani ana uvimbe wenye maji kwenye kongosho. Majibu kamili hayajatoka, lakini watu wa ukoo wameshamlilia.

Mpendwa, usimzike mtu kwa sababu ya neno ambalo hujalielewa.

Sitakudanganya. Saratani ya kawaida ya kongosho ni kali. Hata Marekani, penye mashine nyingi, kati ya wagonjwa 100 ni kama 13 tu wanaofikisha miaka 5 baada ya kugunduliwa. Inaua kwa sababu hujificha, na ikijitokeza mara nyingi imeshasambaa. Hofu yetu haikutoka hewani.

Lakini uvimbe wenye maji ni jamii nyingine, na ndani yake mna aina nyingi. Kuna vifuko vya maji vinavyobaki baada ya kongosho kuvimba, na hivyo si saratani. Kuna uvimbe wenye majimaji mepesi, unaopatikana zaidi kwa akina mama wa makamo na wazee. Huo karibu kamwe haugeuki saratani, na mara nyingi daktari huuangalia tu. Kuna wenye ute mzito, ambao karibu wote huwapata wanawake. Huo unaweza kugeuka, lakini ukitolewa mapema kabla haujapenya, mgonjwa kwa kawaida hupona kabisa. Kuna unaoota ndani ya mirija ya kongosho. Baadhi huo hufuatiliwa kwa skani na baadhi hukatwa, kulingana na mrija uliopatwa.

Tena kuna mmoja wa nadra sana, unaopenda wasichana na akina mama vijana. Daktari Virginia Frantz wa Marekani aliueleza mwaka wa 1959, na wengine bado huuita kwa jina lake. Unaweza kukua mkubwa hadi ukatisha kuutazama. Lakini ukikatwa wote, zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 wanakuwa hai miaka 5 baadaye. Wengi wao huendelea na maisha, wanaolewa na kulea watoto.

Unaona? Kiungo ni kimoja na neno "uvimbe" ni moja, lakini habari zake ni mbali kama Kericho na Mombasa. Kwa hivyo swali la kwanza lisiwe, "Atakufa lini?" Swali la kwanza ni, "Uvimbe huu unaitwaje?"

Fungua 2 Wafalme 20. Hezekia aliugua, na nabii akamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa maana hataishi. Mfalme akageukia ukuta, akaomba na kulia. Kabla Isaya hajatoka uani, Mungu akamrudisha na ujumbe wa miaka 15 zaidi. Sasa usipite haraka hapo. Nabii yule yule aliyeleta ahadi ndiye aliyeagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Ahadi ilikuja pamoja na dawa, na Hezekia hakuikataa dawa akisema imani inatosha.

Mwaka huo huo wa 1959, daktari Ernest Steury alifika Tenwek, hapa Bomet kwa jirani zetu. Hospitali hiyo leo inafundisha madaktari wa upasuaji, na kauli yake inajulikana: wao wanatibu, Yesu anaponya. Sijaona ugomvi wowote kati ya sehemu hizo mbili.

Basi fanya hivi. Maumivu ya tumbo la juu yanayoenda mgongoni, macho kuwa manjano, kukonda bila sababu: usiyanyamazie kwa vidonge vya dukani. Nenda upimwe. Ukiambiwa uvimbe, uliza ni wa aina gani, uko sehemu gani ya kongosho, umesambaa au la, na kama ni wa kukatwa au wa kuangaliwa. Uliza pia maisha yatakuwaje baada ya upasuaji, kwa maana wengine hupata kisukari. Mwende wawili, mmoja aandike. Hakikisha SHA yako imelipwa kabla ya siku ya shida.

Na ukiombewa, rudi ukapimwe tena. Wale wakoma kumi wa Luka 17, Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Uponyaji wa kweli hauogopi skani.

Kama majibu yatakuwa mazito, bado hatutamwacha dada yetu. Tutampeleka, tutakaa naye, tutachuma chai yake. Lakini tusitangulie mbele ya majibu. Jumapili tunachanga, na ng'ombe akiuzwa, hatauzwa bure.

Baba, mpe daktari mkono mtulivu na utupe sisi moyo wa kungoja bila kukata tamaa. Katika jina la Yesu.

Kama unakubaliana nami, andika Amina, kisha umtumie mtu mmoja anayeogopa kwenda kupimwa.