Nusu ya Pili ya Kanuni

Jumamosi moja vijana wawili walichelewa kipindi cha kipaimara. Mmoja mdomo ulikuwa umevimba, mwingine kola ya shati imechanika. Walikuwa wamepigana nje ya kibanda cha gemu hapa kwetu Boko, si mbali na kituo cha Magengeni. Nilipowauliza sababu, yule wa kola iliyochanika akanijibu kwa swali: "Baba Mchungaji, kwani kubwaga ni dhambi?"

Nilidhani anasema juu ya kumwangusha mwenzake mchangani. Kumbe ugomvi ulianzia kwenye runinga, katika mchezo wa Tekken.

Kwa wale ambao hamjawahi kuketi kwenye benchi la kibanda cha gemu, nieleze kidogo. Katika michezo hii ya kupigana, mtu hushambulia kwa ngumi na mateke, au hujikinga. Akijikinga vizuri, mapigo humdhuru kidogo tu au hayamdhuru kabisa. Lakini ipo mbinu inayoipita kinga: kumsogelea mpinzani, kumkamata na kumbwaga. Ugomvi juu ya mbinu hiyo ni wa siku nyingi. Katika Street Fighter II, mchezo wa kampuni ya Capcom ya Japani uliotoka mwaka 1991, wachezaji waligundua kwamba unaweza kumgusa mpinzani kwa pigo jepesi, naye akiwa bado amejikinga ukamkamata papo hapo. Wengine waliiita akili, wengine uhuni.

Watengenezaji hawakuiondoa, na sababu inaeleweka. Pigo huzuiwa na kinga; kinga hushindwa na kubwaga; naye anayekuja kubwaga anaweza kuwahiwa kwa pigo. Pasipo kubwaga, mtu angejificha nyuma ya kinga yake hadi muda uishe. Walichofanya ni kuweka njia ya kujinasua. Katika toleo la Super Street Fighter II Turbo la mwaka 1994, anayebwagwa akibonyeza kwa wakati hupunguza maumivu. Katika Tekken, ukikamatwa kutoka mbele, mara nyingi unaweza kujinasua kwa kubonyeza upesi kitufe cha ngumi kinachotakiwa.

Hayo nimeyajua baadaye. Siku ile nilikwenda kibandani kugomba, si kujifunza. Vijana wakanipisha kwenye benchi, nikapewa pedi. Yule kijana akamchagua King, mwanamieleka mwenye kinyago cha jagwa. Nikajikinga kadiri nilivyoweza. Akanikamata, akanibwaga. Nikasimama, akanibwaga tena. Raundi ya tatu nikasema kwa sauti ambayo sikuipenda mwenyewe, "Huu ni uonevu!"

"Baba Mchungaji, ipo ndani ya gemu," akanijibu kwa adabu.

"Sasa mtu anajinasuaje?"

Akanyamaza. Mwenye kibanda akacheka. "Hawezi kukuambia, Mchungaji. Hapa anayefungwa ndiye anayelipa. Ukijua wewe, atalipa yeye."

Nilirudi nyumbani nikidhani nimepata mahubiri ya vijana. Nilipokaa kuyaandika, niliyemwona kwenye karatasi nilikuwa mimi.

Miezi michache kabla ya hapo, katika usharika niliokuwa nautumikia, tulikuwa na kikao juu ya uzio wa kanisa. Fedha hazikutosha, nami nilipendekeza tuchukue kutoka mfuko wa diakonia, ule wa wajane na yatima. Mzee mmoja, mvuvi mstaafu ambaye hakukaa shuleni muda mrefu, akasimama kupinga. Mimi nimesoma chuo cha theolojia. Kanuni za vikao nazijua. Nikamwambia hoja yake haimo kwenye ajenda, hivyo haiwezi kujadiliwa. Ilikuwa kweli. Akakaa. Fedha zikachukuliwa. Tangu siku ile sikumwona tena kikaoni, na Jumapili akawa anakaa benchi la nyuma kabisa.

Nilichofanya ni kusoma nusu ya kanuni. Nusu ya pili ilisema kwamba mjumbe anaweza kuleta hoja yake kwa maandishi siku saba kabla ya kikao. Niliijua. Sikumwambia, kwa sababu angejua yeye, ningelipa mimi.

Kwa miaka mingi nimewakaririsha vijana Katekisimo Ndogo ya Dk. Martin Luther, ya mwaka 1529. Anapoifafanua Amri ya Tano, Luther haishii kwenye kutomdhuru jirani. Anaongeza kwamba tumsaidie katika mahitaji yake. Mimi nilikuwa nimeridhika na sehemu ya kwanza: sikumtukana mzee wala kuvunja kanuni. Hivyo ndivyo sheria inavyoweza kutufunika macho. Mtu huihesabu mistari ambayo hakuivuka, huku jirani yake yuko chini.

Nilikwenda kwake jioni. "Shikamoo Mzee." "Marahaba, Baba Mchungaji. Karibu." Nikamwambia niliyoyafanya, bila kuyapamba. Alikaa kimya, kisha akasema, "Nilijua njia ipo. Sikuuona tu mlango." Tuliandika hoja yake pamoja, yeye akisema, mimi nikiandika, kisha nikamsomea hadi aliporidhika.

Jumamosi iliyofuata nilimjibu yule kijana mbele ya wenzake. Nilimwambia kubwaga si dhambi. Mchezo una kanuni zake, na anayejikinga tu bila kujifunza asimwite mwenzake mhuni. Nikamgeukia wa mdomo uliovimba nikamwambia hilo linamhusu. "Lakini wewe," nikamwambia wa kwanza, "umembwaga mtu asiyejua kitufe, ukachukua hela yake, na ukaficha kitufe. Hapo ndipo pa kujiuliza."

"Nikimfundisha atanifunga," akasema.

"Ndiyo. Huenda akakufunga."

Sikuwa na jibu tamu zaidi ya hilo, na sidhani Bwana wetu aliwahi kutuahidi kwamba kumpenda jirani hakutatugharimu. Katika hadithi ya mchezo ule, King mwenyewe hupigana ili watoto yatima wapate chakula. Kijana alilijua hilo kuliko mimi. Alitazama chini, kisha akaniuliza, "Na wewe Baba Mchungaji, ulishawahi kufungwa?"

Nilimwambia asubiri kikao.

Hoja ya mzee ilijadiliwa, ikapita. Fedha za diakonia zilirudishwa kidogo kidogo hadi zikatimia. Uzio wa kanisa ulisimama nusu kwa muda mrefu, na mbuzi wa jirani waliendelea kuingia na kula maua ya madhabahuni kabla hayajachumwa. Kila nilipowafukuza, nilimkumbuka yule kijana na pedi yake.