Urithi Usiopungua

Kwetu urithi ni hesabu ya kugawanya. Babu aliacha ekari sita na wana watatu; kila mmoja akapata mbili. Kwa baba tuko wanne. Piga hesabu mwenyewe. Ndiyo maana neno kurithi lilinikaa vibaya nilipolikuta kwenye kazi yangu ya kutengeneza tovuti.

Mwaka jana nilikabidhiwa tovuti ya kliniki moja ya akina mama. Kurasa 32, kila moja na menyu yake na namba yake ya simu pale chini, zote zimenakiliwa kwa mkono. Namba ya dharura ilikuwa imebadilika, na aliyetangulia kuitunza akarekebisha kurasa 29. Kati ya tatu zilizobaki, moja ilikuwa ile ya dalili za hatari kwa mjamzito. Sasa fikiria mama anavuja damu saa nane usiku, anapiga, anaambiwa mteja hapatikani. Hapo si mambo ya urembo tena, bana.

Nikaijenga upya kwa Django, programu iliyozaliwa kwenye gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Watu wa magazeti wanajua: habari hubadilika kila siku, sura ya ukurasa hubaki.

Unaandika faili moja ya mzazi, ambayo wengi huiita base.html. Humo unaweka mambo ya ukoo: kichwa, menyu, simu. Panapobadilika unaacha nafasi yenye jina. Faili ya mtoto humtaja mzazi mwanzo kabisa, kisha hujaza nafasi zake tu. Isipojaza, ya mzazi yanabaki. Ikiandika nje ya nafasi hizo, hakuna kitakachoonekana. Na ikitaka kuongeza bila kufuta, kuna block.super: yaani, alivyosema mzazi, halafu na langu.

Hapa hakuna kugawana. Watoto 32 wanamrithi mzazi mzima mzima, na wa 33 akija hapunguzi fungu la mtu.

Ila kosa la mzazi nalo hurithiwa na wote. Namba ikiharibika pale, imeharibika kila mahali. Kwa hiyo ilipobadilika tena, kabla ya kuhifadhi ule mstari mmoja, niliupiga kwanza kwa simu yangu. Ikalia mara mbili. "Kliniki hapa, nikusaidie?"

Nikahifadhi.