Gari Linalokunywa Oili



Sisi tunaokwenda Piyaya kwa gari la miaka mingi twaijua hofu moja: injini kuzimika katikati ya tambarare, mbali na gereji, huku kiti cha nyuma kimebeba mama mjamzito. Juma hili tulitafakari gari linalokunywa oili.

Vumbi laini la tambarare hizi asili yake ni majivu ya volkano. Likipenya kichujio cha hewa kilichochakaa, husaga ringi za pistoni na kuta za silinda. Oili hupanda na kuungua, na moshi hutoka wa buluu. Masizi yake huganda kwenye plagi, cheche hudhoofika, na gari halishiki tena sailensa, huzimika.

Wengi huongeza lita moja na kuendelea na safari. Lita hiyo ni ya lazima, kwani injini isiyo na oili hufa, lakini haiponyi. Fundi mwaminifu hupima kompresheni, kisha humimina oili kidogo ndani ya silinda na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechakaa. Kisipopanda, huenda ni valvu.

Basi, kabla ya safari tuliegeshe gari mahali pa usawa, tuzime injini, tungoje kidogo, ndipo tupime oili. Tukikague na kichujio. Fedha ya lita za kila juma nayo tuiweke kwenye hesabu ya matengenezo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama aliyeshikwa na uchungu haulizi habari za ringi, ametuamini, akapanda.