Safu Tupu za Kilindini

Mwaka wa 1997 yadi ya makontena ya bandari ya Kilindini, Mombasa, tuliipanga kwa penseli na kadi. Mfumo wa kompyuta, ule wa KWATOS, ulikuja 2008. Sisi tulikuwa na ubao ukutani, kila kontena na kadi yake: namba, uzito, linakokwenda. Za Kampala tulizitia wino mwekundu.

Siku hizi treni za SGR zinapita chini ya Milima ya Ngong zikipeleka makontena Naivasha, na vijana wa kwetu Kimuka wakisikia nilifanya kazi bandarini wanadhani nilikuwa nabeba magunia. Nilikuwa mpangaji wa makontena. Meli inafunga gati namba 16, 17 au 18, kreni inashusha, trela inapeleka yadini, nawe unasema kontena likae wapi. Taabu ni kwamba hupandishwa moja juu ya jingine. Ukiweka la Embakasi chini, mawili ya Kampala juu, kisha treni ya Embakasi ikatangulia, lazima uyashushe yale mawili na kuyatafutia mahali ndipo ulitoe hilo moja. Kupangua yadi yenye nafasi ni kazi ya kawaida. Kupangua yadi iliyojaa ni balaa, maana hayo unayoyashusha huna pa kuyaweka.

Kwa hiyo nilipenda kuacha safu mbili tatu tupu. Mkubwa wangu akipita alikuwa akiuliza, "Hapa unamwekea nani?" Hakuwa mjinga, meli inayosubiri nje inakula pesa kila saa. Nami sikuwa na jibu la ofisini. Jibu langu lilitoka Kimuka. Baba alikuwa na olopololi, kipande cha malisho kando ya boma kilichozungushiwa miiba, na ng'ombe wazima hawakukikanyaga hata mvua ikiwa nzuri namna gani. Kilikuwa cha ndama na wale dhaifu, kiangazi kikikaza. Baba hakujua kiangazi kitakuja lini. Hakuhitaji kujua.

Usiku wa 13 Agosti mwaka huo wa 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Askari waliuawa, bunduki zikabebwa, na watu wa bara wakaanza kuwindwa ng'ambo ya feri. Wenzetu wengi walikuwa wamepanga vyumba huko, Likoni na Mtongwe. Zamu ilipoanza asubuhi, kreni zipo, meli zipo, wa kuziendesha hawapo. Wengine walikuwa katika kanisa Katoliki la Likoni na watoto wao na magodoro. Wengine walipanda basi kurudi bara, hatukuwaona tena. Mimi nilikaa Changamwe, ndiyo maana nilifika. Karani mmoja, Mdigo wa huko huko Likoni, alinishika mkono getini: "Ndugu yangu Mmasai, feri isahau kwanza." Safu zangu tupu zilijaa upesi. Hakuna aliyeuliza nilikuwa namwekea nani.

Tukadhani tumejifunza: tatizo ni watu kukosekana. Oktoba ikaja El Niño, mambo yakageuka juu chini. Sasa watu wapo, meli zinashushwa vizuri, ila barabara ya Nairobi imekatika, malori yamelala njiani, na reli nayo haiaminiki. Mzigo unaingia kutoka baharini, hautoki. Ratiba za treni zikawa karatasi tu. Hapo nikaacha kupanga kwa kufuata nani atatoka kwanza, nikapanga kwa kufuata mahali yanakokwenda: Kampala peke yake, Embakasi peke yake, Kigali peke yake, fungu moja lisilalie jingine. Njia yoyote itakayofunguka, fungu lake litoke bila kupangua. Namna hiyo inakula ardhi, na mkubwa alinung'unika. Siwezi kudai tulishinda mvua ile. Makontena yalifika hadi kwenye njia za trela, madereva wakawa wanapita kwa kurudi nyuma, wakitutukana kwa Kiswahili safi. Lakini mabehewa yalipopatikana, tuliyajaza bila kugusa hata kontena moja la fungu jingine.

Uchaguzi wa 29 Desemba ulipokaribia, mkubwa yule yule aliingia ofisini, koti limelowa, akasimama mbele ya ule ubao kwa muda. Akaniuliza safari hii tuache safu ngapi. Nikamwambia nne. Akanipa mbili, na kabla ya Krismasi akaja kuomba moja.