Uniti 75

Baba alikuwa na daftari la umeme. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na lilikaa juu ya kabati pamoja na redio. Kila Jumapili jioni alitoka na tochi hadi barazani, akamulika mita, akaandika namba. Hapo ni Morogoro, miaka ya 1980, katika mtaa ambao nyumba zenye taa ulizijua kwa macho na zisizo na taa zilikuwa nyingi zaidi. Umeme wenyewe haukutoka mbali. Kidatu, ambako mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 1975, iko ndani ya mkoa huohuo, na sisi watoto tuliamini kwamba kwa sababu hiyo umeme wetu ni mbichi kuliko wa Dar es Salaam.

Mita za wakati ule zilikuwa na kisahani cha alumini chenye alama moja, kikizunguka nyuma ya kioo. Baba alituita tukione. Taa moja ikiwaka, kisahani kilijikokota hata ukachoka kungojea alama irudi. Mama akichomeka pasi, kilikimbia. "Mnaona?" alisema. "Pasi ya wati 1,000 ukiiacha saa nzima imekula uniti moja. Taa ya wati 60 itakaa zaidi ya saa 16 ndipo ile hiyohiyo moja." Sikujua kwamba hilo lilikuwa somo la fizikia. Nililichukulia kama amri ya kutoacha pasi ikiwaka nikienda kusalimia wageni.

Ankara ilikuja baada ya mwezi kwisha. Ilikuwa karatasi yenye namba ya mita ya safari iliyopita, namba ya safari hii, tofauti yake, na fedha. Baba aliiweka kando ya daftari lake akalinganisha. Zikikubaliana alinyamaza. Zikipishana alivaa shati la ofisini hata kama ni siku ya mapumziko, akaenda kuuliza. Watu wengi wa mtaani hawakuwa na daftari, na ankara kwao ilikuwa hukumu. Ukishindwa kulipa, deni lilikua kimyakimya mpaka siku mafundi walipokuja na ngazi.

Katikati ya miaka ya 1990 ikaja LUKU, Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Shirika la umeme lilikuwa limechoka kudai, na wadaiwa sugu hawakuwa watu wa kawaida peke yao. Taasisi za serikali zilikuwamo pia. Mpango mpya ulikata mzizi wa deni: lipa kwanza, upewe namba 20, uziingize kwenye mita, utumie mpaka ziishe. Baba hakuupenda. "Yaani nimlipe muuza nyama, halafu nirudi nyumbani kusubiri ng'ombe achinjwe?" Lakini mita ya kisahani ilipong'olewa na mpya kufungwa, aliizoea, tena akawa ndiye anayewafundisha majirani kubonyeza namba bila kukosea.

Kilichopotea sikukiona mara moja. Zamani ulitumia, ukasoma, ndipo ukalipa. Sasa ulilipa kwanza, na mita ikasoma badala yako kwa kurudi nyuma. Daftari halikuwa na kazi tena. Taratibu watu waliacha kuuliza nyumba imetumia uniti ngapi, wakawa wanauliza "ya elfu mbili imekaa siku ngapi?" Simu zilipoanza kubeba pesa, kuanzia mwaka 2008, hata foleni ya kwenye vituo vya mafuta na maduka ya mawakala ilikwisha. Ulinunua ukiwa kitandani, gizani, umeme ukiwa umeshakatika. Raha hiyo siikatai. Ila ujumbe wa simu una mistari mingi, na sisi sote tunaruka mpaka kwenye zile namba 20.

Mimi nilihamia Dar es Salaam, nikapanga chumba Tandika katika nyumba ya vyumba sita na mita moja. Aliyewahi kuishi kwenye nyumba ya namna hiyo anajua kwamba katiba yake inaandikwa ukutani kwa chaki: hita marufuku, jiko la umeme marufuku, pasi Jumapili tu. Kila chumba kilitoa mchango sawa, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Kijana mmoja alikuwa mlinzi wa usiku na alilala mchana na feni. Dada wa chumba cha mbele alisuka nywele na kuzikausha kwa mashine ndani, mlango ukiwa umefungwa. Fundi cherehani aliapa kwamba pasi yake ni ya mkaa, na kweli ile ya mkaa ilionekana dirishani, imekaa tu, haina hata jivu. LUKU ikiisha saa nane usiku, nyumba nzima iliamka kwa sababu ya joto, na kila mmoja akalala kimya akisubiri mwenzake ashindwe kuvumilia.

Mgao ulipokuja ulitupatanisha. Mwaka 2006, ukame ulipokausha mabwawa, na tena mwaka 2011, tulikaa uani pamoja na vibatari, hakuna wa kumtuhumu mwenzake.

Mwaka 2014 bei ilipanda sana. Nakumbuka kwa sababu mchango wetu wa kawaida uliacha kutosha, na kila chumba kikamwona mwenzake ndiye aliyeleta hita kwa siri. Mwaka 2016 ikashuka kidogo, na ile tozo ya huduma ya shilingi 5,520, iliyokatwa mara ya kwanza unaponunua kila mwezi, ikafutwa. Wakati huo nilikuwa nimeshahama, nina mita ya peke yangu, na kwa mara ya kwanza nilisoma risiti yote kama baba alivyosoma ankara.

Shilingi 10,000 yangu ilinipa uniti 28 na kidogo. Jirani yangu, mjane anayeishi na mjukuu, alinunua ya 9,150 akapata 75. Tulisimama uani tukitazama simu mbili kana kwamba moja imetapeliwa. Haikuwa hivyo. Yeye alikuwa kwenye kundi linaloitwa D1, la wateja wadogo wa majumbani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na uniti moja kwao ni shilingi 100. Mimi nilikuwa T1, ambako ni 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini kupitia REA, na asilimia 1 ya EWURA, wadhibiti. Ukijumlisha, yeye analipa 122 na mimi 356. Tena D1 ina kizingiti kikali: uniti ya 76 hailipiwi 100, bali 350 kabla ya makato, na ukizoea kuvuka unahamishiwa T1. Ndiyo maana watu wa D1 wanaijua ile 9,150 kama wanavyoijua nauli ya daladala.

Nilihangaika nikashuka chini ya 75. Balbu zilinisaidia kuliko kitu kingine. Nne za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 36 kwa mwezi. Nne za LED za wati 9 hula kama tano na nusu. Sijui kitu kingine cha nyumbani kinachokurudishia fedha yako kwa haraka hivyo, na bado naona maduka ya mtaani yakiuza zile za moto kwa watu wasioelezwa.

Agosti 2021 kodi ya majengo nayo ikaingizwa kwenye LUKU: 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na baadaye, mwaka 2023, 1,500. Kwa mkusanyaji ni njia rahisi kweli. Kwa mpangaji ni kitendawili, kwa kuwa nyumba si yake lakini kidole kinachobonyeza namba ni chake, na si kila mwenye nyumba anayekumbuka kuipunguza kwenye kodi ya chumba. Yule wa T1 anayetoa 10,000 mwezi huu anakatwa 1,500 kwanza, kisha anabaki na uniti zisizofika 24. Atasema umeme umepanda. Bei ya uniti haijapanda hata senti, lakini nani atamlaumu kwa kusema hivyo?

Na mwaka 2024 mita zote zikahitaji kuboreshwa kabla ya 24 Novemba. Ulinunua, ukapewa mafungu matatu ya namba 20 badala ya moja, uyaingize kwa mpangilio. Baba alikuwa ameshafika umri wa kusomewa namba. Mjukuu alisoma, yeye akabonyeza, akikataa kabisa kusaidiwa.

Binti wa kaka yangu sasa anapanga Mbagala, nyumba ya vyumba sita, mita moja, katiba ileile ukutani. Mwaka 2024 nchi ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na yeye akanunua sufuria la umeme la kubana mvuke. Maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja. Mkaa wa kuivishia maharage hayohayo unamgharimu zaidi. Wenzake wakamkatalia: jiko ni jiko, marufuku. Akanipigia. "Shangazi, njoo uwaeleze, wewe unajua hesabu za babu."

Nilikwenda na kalamu. Nyumba yao hutumia kama uniti 150 kwa mwezi, kwa hiyo iko T1. Hiyo ni shilingi 53,436, na kila chumba 8,906 kwa uniti 25. Chumba kile kile, kingekuwa na mita yake, kingelipa 3,050. Nikawaeleza zaidi: kijana anayeishi peke yake kwenye nyumba nzima ya Sinza, akitumia uniti 70, analipa 8,540. Yaani anatumia karibu mara tatu ya chumba kimoja cha Mbagala na bado analipa pungufu. Bei nafuu iliwekwa kwa ajili ya wanyonge, lakini inahesabu mita. Haihesabu watu walio nyuma ya mita. Nimeisikia hoja kwamba huwezi kujua nani anaishi wapi, na naona ugumu wake. Ila sijaona kwa nini ugumu huo ubebwe na anayelipa 356.

Mwenye nyumba, mzee wa makamo ya baba yangu, anakaa chumba cha mbele. Nilimwamkia, akaitikia, akaniletea kiti. Nikamwonyesha karatasi. Kuunganishiwa mita mpya mjini, kama nguzo iko karibu, ni shilingi 320,960. Kila chumba kingeokoa 5,856 kwa mwezi, na gharama ingerudi kwa miezi 55. Aliifuata hesabu kwa kidole mpaka mwisho.

"Miezi 55, mwanangu. Mpangaji gani amewahi kukaa hapa miezi 55?"

"Basi weka wewe, baba, mita inabaki kwenye nyumba yako."

"Na umeme wanautumia wao."

Hapo hakuna aliyekosea hesabu. Tulikubaliana mita ndogo za kununua Kariakoo, moja kwa kila chumba, ili angalau mchango ufuate matumizi. Mwezi wa kwanza zilipotulia, sufuria la binti lilionekana halina neno. Chumba kilichoongoza kilikuwa cha mzee mwenyewe, kwa sababu ya friji lililochoka lisilozima kutwa kucha, ambalo miaka yote lilikuwa likilipiwa na vyumba sita kwa usawa. Alilipa sehemu yake bila kulalamika, akaliitia fundi lile friji. Bei ya uniti, kwake na kwa wapangaji wake, imebaki 356.