Mabano ya Lisp na makato ya samaki

Nimekuwa kimya wiki kadhaa. Nilikuwa najifunza Lisp, na aliyenisukuma ni mzee mmoja mvuvi hapa Kilifi ambaye hajawahi kugusa kompyuta.

Kikundi chao kiliniomba programu ndogo ya hesabu: ijumlishe mauzo ya samaki, ikate asilimia 10 ya kikundi, ichape risiti. Nikajiambia, kazi gani hii kwa mtu mwenye digrii ya kompyuta! Siku moja mzee akanijia na risiti mbili za mauzo yale yale. Moja ilisema shilingi 4,500, nyingine 4,050.

"Mwanangu, samaki hawa umewakata mara ngapi?"

Niliona aibu. Programu ilihifadhi 5,000 kwa jina "jumla", ikakata, kisha ikaandika jibu juu ya jina lile lile. Risiti ya kwanza ilitoka imefifia, karani akachapa tena, na makato yakarudiwa juu ya kilichobaki. Mzee alilipwa kwa risiti ya pili.

Nilirekebisha kosa jioni ile ile, na tofauti nikailipa mfukoni mwangu. Lakini nilitaka kujua kwa nini naandika hivyo. Ndipo nikaikumbuka Lisp, lugha aliyoianzisha John McCarthy huko MIT, Marekani, mwaka 1958. Nilichagua tawi lake liitwalo Scheme, la Gerald Sussman na Guy Steele, la mwaka 1975. Nikapakua Racket, ambayo ni ya bure, nikaanza.

Mabano yalinitisha kwanza. Kujumlisha 2 na 3 unaandika hivi:

(+ 2 3)

Alama mbele, namba nyuma. Nikiwa kwenye matatu ya Malindi nikacheka peke yangu. Si ndivyo tunavyosema? "Jumlisha 2 na 3." Amri kwanza, vitu baadaye! Na mabano huingia ndani ya mabano:

(* 4 (+ 2 3))

Ya ndani huanza, yanatoa 5. Ya nje yanazidisha kwa 4, unapata 20. Ukielewa hapo, umeelewa sehemu kubwa ya sarufi ya lugha hii.

Sasa tazama makato ya mzee:

(define (malipo jumla)
  (- jumla (* jumla 1/10)))

Andika (malipo 5000), utapata 4500. Rudia mara mia, ni 4500 tu. Hakuna kinachofutwa wala kuandikwa juu yake. Fanksheni inapokea namba na kurudisha nyingine. Scheme inakuruhusu kubadilisha thamani ya jina, ila amri yenyewe huandikwa set! na alama ya mshangao, kama mtu anayekuambia "angalia!"

Programu ya wavuvi bado iko kwenye lugha ile ile ya zamani, sikuihamisha. Nilichobadilisha ni mkono wangu: mauzo yanabaki kama yalivyoingizwa, na malipo yanahesabiwa upya kila risiti inapochapwa. Karani achape hata mara kumi.

Ukitaka kujaribu, anza na mistari hiyo miwili ya malipo, uweke makato ya kwenu. Ukikwama, hesabu mabano kwanza. Mimi nilikwama hapo siku mbili nzima.

Haya, tuonane tena.